Mama mdogo anauliza alikosea wapi

Shangani, Mtwara

Somo yangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, korosho zimeanza kudondoka. Nimekaa kimya tangu Idd, uniwie radhi. Leo nimeshindwa kulala.

Ni habari ya mama mdogo. Unayajua maneno yanayosemwa juu ya kitindamimba wake, kwamba anapenda wanaume. Juzi mjomba alishuka kutoka Newala, akatuita uani, akamwambia mbele ya watu wote: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Eti alimzoesha jikoni, akamchelewesha jando. Mama mdogo alikuwa anabangua korosho, hakuinua uso. Usiku akanifuata chumbani: "Nilikosea wapi? Wale wanne niliwalea vilevile."

Swali hilo limenikaa kifuani. Nikakumbuka uliyonieleza ulipokuwa chuoni, yule mtafiti Bogaert wa Kanada, 2006. Kwamba mwanamume akiwa na kaka wakubwa wa tumbo moja, uwezekano wa kuvutiwa na wanaume unapanda kidogo, hata kama hawakulelewa pamoja. Na kaka wa kambo waliokua naye nyumba moja hawaongezi kitu. Na huyu wetu ni wa tano, wote wanaume! Najua ulinionya: wengi wenye kaka wengi wanapenda wanawake. Sisemi ndiyo sababu yake. Nasema jiko la mama mdogo limesingiziwa.

Kaka alipomuuliza mjomba mbona wale wanne wameoa, akageuza: "Mtoto wa nyoka ni nyoka," damu ya ukoo wa baba yao. Kikao kimoja, mzee mmoja! Damu peke yake nayo haitoshi. Si uliniambia ule utafiti wa 2019, vinasaba vya watu karibu 500,000, haukukuta jeni moja inayoamua? Na wale pacha wa kufanana wa Marekani, 1991: mmoja akiwa anapenda wanaume, mwenzake naye alikuwa hivyo mara 52 tu katika 100. Sasa mjomba akisikia hivyo atasema kilichobaki ni malezi. Lakini kabla ya malezi kuna miezi tisa tumboni, nani anayaona ya humo?

Kijana mwenyewe, miaka 22, hajasema neno. Anakwenda kuokota korosho, anarudi magharibi, anakula peke yake. Mjomba anataka msimu ukiisha ampeleke kwa mganga. Naogopa, somo. Naogopa zaidi kwa mama mdogo, maana ameanza kuyaamini.

Utapata likizo lini? Unaweza kuja kabla msimu haujaisha? Mjomba anakuheshimu tangu ulipomuuguza; ukimkalisha wewe, si atasikia? Na mama mdogo nimjibu nini leo jioni, nianzie wapi? Mguu wa bibi unaendeleaje?

Nipigie hata usiku. Mama mdogo hajala tangu juzi.

Somo yako