Kwa Mwanaidi, kuhusu jina la wakwe

Exeter, 14 Februari

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, na habari ya posa ya Zuhura imeniliza peke yangu jikoni. Mungu awajaalie heri. Sasa nije kwenye lililokukosesha usingizi. Umefungua kamusi ukakuta Walker ni mtembeaji, na mama mkubwa keshatangaza mtaa mzima kwamba binti anaolewa na ukoo wa wazururaji. Mtulize. Si kutembea huko.

Walker wa kwanza walitembea mahali pamoja, ndani ya hori, juu ya nguo. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji huwa kimelegea, kina mafuta ya kondoo, na ukikiinua juani unaona vitundu. Basi kililowekwa kwenye maji pamoja na udongo unaofyonza mafuta, au mkojo uliovunda, maana mkojo ukikaa hupata makali ya kukata mafuta. Mtu akapandisha nguo zake magotini akaanza kukanyaga, saa baada ya saa, mpaka nyuzi zishikane. Kiingereza cha kale kilimwita wealcere, kutokana na neno la kuviringisha na kurusha huku na huku. Maana ya kutembea ilikuja baadaye.

Juzi nilijaribu mwenyewe. Nilitia skafu ya sufu, iliyofumwa kwa mkono, kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, nikapanda. Nusu saa tu, vigimbi vinawaka moto. Skafu ilikuwa imerudi, fupi kwa karibu theluthi, nzito kama blanketi. Nikaiinua dirishani, mwanga haukupenya. Unyoya wa kondoo una magamba madogo madogo, na ukiupa joto, maji na msuguano yanang'ang'aniana yasiachane tena.

Mle kwenye beseni nilimkumbuka marehemu baba yako, Mungu amrehemu, pale uani na karai zake, mikono imekunjamana kwa maji. Hivi wewe si Mwanaidi wa Dobi mpaka leo? Hujawahi kumfulia mtu shati, lakini ukitafutwa, mtu anaulizia kwa Dobi. Basi na wao ilikuwa hivyo hivyo. Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja. Baadaye vijiji vikajaa akina John, ukisema John unaulizwa John yupi. Yule mkanyaga nguo. Karani wa kodi ya kichwa naye, mwaka 1377, 1379 na 1381, alihitaji kuandika kitu cha kumtofautisha huyu na yule. Ilipofika mwaka 1400 hivi, familia nyingi zilikuwa na jina linalomfuata mtoto, awe anakanyaga nguo au anachunga ng'ombe. Sisi jina la baba linasogea kila kizazi. La kwao liliganda.

Na liliganda wakati miguu yenyewe imeshaanza kupumzika! Orodha ya mali za watawa-askari wa Templar ya mwaka 1185 inataja vinu vya kazi hii, gurudumu la maji likiinua nyundo za mbao na kuziangusha juu ya kitambaa. Mwenye kinu naye aliitwa kwa jina la wakanyagaji.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni kwamba kazi ni moja, majina matatu. Kaskazini na katikati ya nchi ni Walker. Kusini-mashariki ni Fuller, kutoka Kilatini. Huku kusini-magharibi ninakoishi ni Tucker, na asili yake ni neno la kutesa. Ukiona kitambaa kinavyopondwa utaelewa. Hapa Fore Street lipo jengo linaitwa Tuckers Hall, lililojengwa mwaka 1471 liwe kanisa dogo la chama cha wafumaji na hao akina Tucker. Nimelipita miaka minne nikielekea kazini bila kuinua macho. Baada ya barua yako nilisimama mbele yake mpaka vidole vikaganda kwa baridi.

Mwambie mama mkubwa pia kwamba katika visiwa vya magharibi mwa Scotland kazi hii ilikuwa ya wanawake. Walikaa kuizunguka meza ndefu, wakipiga kitambaa kwa pamoja na kuimba, mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Yeye aliyekuwa akitwanga na wenzake kwa zamu kwenye kinu kimoja, hiyo hahitaji kuelezwa.

Ukipata nafasi muulize huyo kijana babu zake walitoka upande gani. Akisema Yorkshire au Lancashire, nijulishe haraka, huko ndiko kwenyewe. Skafu nampa mwenzetu anayesafiri wiki ijayo, mpe Zuhura. Aishike tu kwa vidole, halafu akapapase kitambaa cha khanga yoyote hapo nyumbani.

Nisalimie watoto, na shemeji.

Shoga yako,
Saumu