Lulu za mama

Goma, Jumapili jioni

Mama Furaha ndugu yangu,

Barua yako nimeipata Ijumaa, kijana aliyetoka Bukavu na boti ameniletea mpaka mlangoni. Nimefurahi kusikia mama amekuachia ushanga wake wa lulu. Ila uliposema utauvaa kila siku kazini, nikashika kichwa.

Zangu niliziharibu mwenyewe, tena kwa kitenge. Unayajua mavumbi ya hapa: chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, ikipita tu, kope zimekuwa nyeusi. Basi kila jioni nilizisugua kwa ncha ya kitenge kikavu, nikidhani nazitunza. Siku moja nikaziinua dirishani: zile za mbele zimefifia kama jicho la samaki sambaza wa jana. Sonara alinicheka. Kumbe lulu ni laini, haifiki hata 5 kwenye kipimo cha ugumu kinachoishia 10, na mavumbi yetu ni mawe ya volkano ya Nyiragongo yaliyosagika, magumu kuliko lulu. Miezi yote ile nilikuwa napiga msasa! Na ule mng'ao ukishakwanguka haurudi.

Siku hizi nikizivua nazipuliza kwanza, halafu nazipangusa taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu, kwa sababu jasho nalo lina asidi inayozila. Nazilaza juu ya taulo mpaka uzi ukauke. Usizitundike kwenye msumari, uzi wa hariri unarefuka. Angalia na mafundo: kila lulu inafungiwa fundo lake ili zisisuguane, na ili uzi ukikatikia sokoni Kadutu, usilazimike kupiga magoti kuziokota zote. Ukiona nafasi kati ya fundo na lulu, mpelekee fundi autie uzi mpya.

Marashi na mafuta jipake kwanza, lulu ziwe za mwisho. Ndimu, siki na javeli ya kung'arishia nguo zisizikaribie kabisa. Usizichanganye na pete wala mkufu wa dhahabu, zishonee kifuko chake. Mfuko wa plastiki uliofungwa hapana, zinakauka na kupasuka.

Kitambaa nimekufungia humu. Ni mgongo wa shati la zamani la Baba Neema. Tangu asubuhi analitafuta, nami nimenyamaza.

Nisalimie watoto.

Wako,
Mama Neema