Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: muulizeni mzee kama ana huzuni

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Kwa heshima zote, naandika hadharani kwa sababu barua zangu mbili hazikujibiwa, na kwa sababu Jumanne iliyopita mama yangu, mwenye miaka 74, alitoka alfajiri kumtafuta marehemu baba, akakutwa saa nne amekaa ukingoni mwa mtaro wa barabara kuu, pekupeku. Tulipomfikisha kwenye dirisha la wazee tuliambiwa yale yale ya miaka mitatu: "Ni uzee tu huo."

Si uzee, Mheshimiwa. Baba alipofariki, ukili aliokuwa akiusuka mama aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na hadi leo haujaongezeka hata shubiri moja. Akawa anaamka saa tisa usiku na kukaa gizani; chakula akawa anakionja tu; wenzake wa maulidi wakimjia anasema hana nguvu za kutoka. Mara tatu nilimpeleka hospitali, wakampima presha na sukari, wakampa vidonge vya vitamini, na hakuna aliyemwuliza kama ana huzuni. Mwaka jana ndipo alipoanza kutia chumvi kwenye chai na kuniita kwa jina la marehemu dada yake.

Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, iliitaja sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri; mambo ambayo yote yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huo duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Sonona ya uzeeni yaweza pia kuwa dalili ya kwanza ya demensia yenyewe, na wapo wazee ambao usahaulifu wao ni sonona tupu, hupungua wakitibiwa. Mama alikuwa yupi kati ya hao? Hakupimwa. Mimi naamini ile miaka ya kukaa kimya gizani ndiyo iliyommaliza.

Wala demensia si maradhi ya ng'ambo: utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliyakuta kwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Kwetu majirani wameanza kunong'ona habari za uchawi, na unajua mnong'ono huo humfikisha wapi bibi kizee.

Siku ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, ulituahidi muuguzi wa afya ya akili kila mwezi. Mama alikuwa mstari wa mbele, akakupigia makofi. Hadi leo muuguzi huyo hajaja.

Siombi jengo jipya. Naomba mzee akishafunguliwa mkanda wa presha aulizwe kama analala, kama anakula, kama bado anafurahia alichokuwa akikipenda, kama ana huzuni. Na akijibu kwamba anayo, apate wa kumtibu. Jirani yetu alifiwa na mumewe mwezi Machi na ameshaacha kwenda sokoni. Ijumaa hii ana kliniki ya presha. Nakuomba, aulizwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Binti wa mmoja wa wazee wako