Malalamiko: midomo ya kupunguza kelele mliyoifunga kwenye injini za supachaja

Kwa Meneja Mkuu,

Assalamu alaykum.

YAH: MIDOMO MINNE YA EKZOSI (MABOMBA YA MOSHI), BOTI YENYE INJINI MBILI ZA V8 LITA 8.2

Nakala ya kazi mnayo, na masharti yenu ya dhamana mnayajua kunishinda, kwa hiyo siyarudii. Naanzia kaunta.

Fundi wenu mkuu alipokea plagi za injini ya kulia. Mbili kati yake, za silinda za nyuma kabisa, zilikuwa na chembe nyeupe za chumvi kwenye kauri na kutu changa kwenye ncha. Hakuziangalia. Alishika tambara, akazipangusa moja moja, akanirudishia na kusema, "Safi hizi, bwana." Ushahidi wote ukaishia kwenye tambara.

Sasa niseme chumvi ile imetoka wapi, kwa kuwa kwenu hakuna aliyetaka kuuliza. Silinda hedi za injini hizi zinapozwa kwa maji matamu, kwa hiyo gasketi ikivuja haileti chumvi. Koti la maji la ekzosi limejazwa upepo wa PSI 15 (kipimo cha mgandamizo) likaachwa, geji haikushuka. Intakula, yaani kipozea hewa ya supachaja, ambayo kweli inapitisha maji ya bahari, imepimwa vivyo hivyo, nayo ni nzima. Inabaki njia moja: maji yanarudi kwa kupitia midomo yenu.

Ndani ya kila mdomo kuna kibati cha kukata sauti, na chini ya kibati pana tundu la kumwagia maji. Tundu hilo lazima likae chini kabisa. Kwenye injini ya kulia mmeifunga midomo yote miwili juu chini. Boti ikipunguzwa kasi ghafla, tezi, yaani nyuma ya boti, inazama, wimbi lake lenyewe linaifikia kutoka nyuma na kuingia kwenye mabomba. Maji yakikosa pa kutokea yanakaa nyuma ya kibati. Injini ikinguruma polepole bila gia, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya aina hii huacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa kitambo, na silinda inayanyonya maji hayo. Dawa yake ilikuwa kulegeza klampu, kugeuza mdomo, kukaza tena. Tena zile flapu za mpira zilizokuwa zikizuia maji kurudi mlizivua ili midomo ipate kuingia, na mkataba hausemi popote kwamba zitavuliwa.

Hilo ni kosa la mkono. La pili ni la hesabu, nalo liko kwenye injini zote mbili.

Karatasi mliyonipa inasema midomo hii inaongeza presha ya kurudi, yaani mgandamizo unaouzuia moshi kutoka, ya PSI 1. Sawa, kwenye injini inayovuta hewa yenyewe. Hizi zina supachaja ya skrubu inayosukuma PSI 5 juu ya hewa ya kawaida ya 14.7. Gawanyeni 19.7 kwa 14.7: hewa inayoingia, na hivyo moshi unaotoka, ni karibu theluthi moja zaidi. Na presha ya kurudi hupanda kwa mraba wa moshi huo: 1.34 mara 1.34 ni 1.8. Mabomba yakiwa matupu yalisoma 1.1. Kwa midomo yenu yamesoma 2.9, yaani 1.1 na 1.8, mkono wa mafuta ukiwa umesukumwa mpaka mwisho. Kipimo kilichukuliwa kwenye kiwiko, kabla maji hayajachanganyika na moshi, kwa geji ya PSI 0 hadi 5 na nusu mita ya bomba la shaba katikati ili joto lisiiue geji. Kabla ya kuuza ilikuwa ni wajibu wenu kupima hivyo. Hamkupima.

Badala yake fundi wenu aliona geji ya supachaja imepanda kutoka 5 hadi 5.5, akanipa hongera. Hongera ya nini? Geji ile inaonyesha hewa iliyokwama njiani. Ekzosi ikizibwa, hewa inarundikana na mshale unapanda, huku injini inapoteza nguvu. Propela ni zile zile, na mizunguko imeshuka kutoka 5,200 hadi 5,000 kwa dakika. Moshi wa moto unabaki ndani ya silinda na kuipasha hewa mpya. Hapa Muscat bahari ya kiangazi inapita nyuzi 30, kwa hiyo intakula yenyewe tayari inahemewa. Injini inaanza kugonga, valvu za ekzosi zinaungua, kisha kingo za pistoni zinamegeka. Muuza vifaa vya supachaja asiyejua haya asiuze.

Mnajitetea kwamba midomo imefaulu desibeli 88, kiwango cha California kwa injini zilizotengenezwa tangu 1993. Kipimo hicho, SAE J2005, huchukuliwa boti ikiwa imesimama na injini iko nje ya gia. Hakisemi lolote kuhusu mkono wa mafuta ukisukumwa mpaka mwisho. Na kelele hazikupungua pale zinapoudhi: kwenye mizunguko 4,000 kila upande wa V8 unapiga mara 133 kwa sekunde, na robo ya wimbi la sauti hiyo ni kama sentimita 70. Mdomo wa sentimita 30 utaikataje? Kazi hiyo ni ya sailensa kubwa za ndani, au valvu ya kugeuza moshi upite chini ya maji boti inapotoka marina na kufunguliwa baharini.

Narudi kwenye tambara, maana ndilo lililonifanya niandike. Ukumbi ulikuwa na wateja. Nilimwambia mapema, kwa adabu, asizifute, kwanza azipige picha. Alinitazama machoni huku akifuta. Nilipoomba nilichukue tambara lenyewe, alilitupa kwenye pipa la oili chafu, akawageukia wateja: "Huyu anatafuta injini ya bure." Wawili walicheka. Msaidizi wenu aliyekuwa pembeni aliinamisha kichwa. Yeye aliziona chembe, na nitaomba aulizwe. Siku ya kufunga alikuwa huyo huyo fundi mkuu aliyeniambia tundu likiwa juu "linapumua vizuri".

Nilikusudia kudai mambo mawili tu: mniondolee midomo yote minne na mnirudishie fedha yangu pamoja na ya ufungaji, na mrudishe flapu mpya. Lakini baada ya tambara hayo hayatoshi. Nadai injini zote mbili zipimwe kompresheni na uvujaji wa kila silinda, na kamera iingizwe kuangalia valvu na kuta, na fundi nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu. Kitakachokutwa kimeliwa na kutu au kimeungua mkibadilishe kwa kipya. Si kusugua na kurudisha. Nadai pia maandishi yenye saini yako, Meneja, yakikiri kwamba midomo ilifungwa juu chini.

Plagi za injini ya kushoto sijazileta na sitazileta kaunta kwenu. Zimepigwa picha zikiwa bado kwenye silinda, na zimefungwa. Nakupa siku 14 tangu upokee barua hii. Zikipita, picha, vipimo na karatasi yenu ya PSI 1 vitakwenda Mamlaka ya Kumlinda Mlaji, kisha mahakamani, na hapo nitadai injini mbili kamili pamoja na fidia ya maneno yaliyosemwa mbele ya watu.

Wako,
Mwenye boti