Barua kwa rafiki aliyenunua pikipiki nzito

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa pikipiki mpya. Barua yako imenifurahisha, ila kuna sentensi moja iliyonikaa moyoni: kwamba barabarani unaiendesha bila wasiwasi, lakini ukitaka kugeuza kwenye njia nyembamba unashuka na kuisukuma. Hilo sitaki lingoje mpaka tuonane. Lina dawa, na dawa yenyewe iko kwenye uwanja wowote mtupu wa kuegesha magari, asubuhi mapema kabla watu hawajaamka. Omba ruhusa kwa mwenye uwanja, kisha nenda peke yako.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo hujinyoosha yenyewe kwa kiasi kikubwa, wewe unaielekeza tu. Ikifika mwendo wa mtu anayetembea, msaada huo unakaribia kuisha na uzito wote unakurudia. Ndiyo maana mtu anamaliza safari ndefu salama salimini, halafu anaiangusha getini akikata kona ya kuingia ndani. Kwenda polepole ni ufundi wa peke yake, na kilomita za barabara iliyonyooka hazikufundishi, hata ziwe nyingi kiasi gani.

Wajapani wameliweka hili kwenye mtihani wao wa leseni. Mtahiniwa anapanda juu ya njia nyembamba iliyoinuka sentimita 5 kutoka ardhini, upana wake sentimita 30, urefu mita 15. Anayetaka leseni ya pikipiki kubwa anatakiwa atumie sekunde zisizopungua 10 kuimaliza. Wa pikipiki za kati, sekunde 7. Akiwahi kufika anakatwa alama, na akidondoka mtihani umeishia hapo. Piga hesabu uone: mita 15 kwa sekunde 10 ni mwendo wa kilomita 5 na ushee kwa saa, yaani mtu anayetembea kwa miguu. Uingereza nao, tangu 2009, mtihani wa pikipiki una sehemu ya kwanza inayofanyiwa uwanjani, na humo wamepanga kuzunguka umbo la nane, kwenda polepole na kugeuza kurudi ulikotoka, pamoja na breki ya dharura. Kwa hiyo usione haya kwenda kuzunguka zunguka peke yako uwanjani. Hiyo ni kazi ya maana.

Sasa twende kwenye klachi, ule wenzo unaouvuta kwa vidole vya mkono wa kushoto kutenganisha injini na gurudumu la nyuma, maana hapo ndipo pana siri yote.

Weka gia ya kwanza, miguu yote miwili chini. Achia klachi taratibu mpaka uhisi pikipiki inataka kusogea, usiachie zaidi ya hapo. Ivute kidogo, irudishe nyuma kwa miguu. Achia kidogo, itasogea. Rudia hivyo hivyo ukiwa umekaa palepale, mbele na nyuma, mpaka vidole vyako vijue kituo kile bila kufikiri. Ni eneo dogo sana la wenzo, na kazi yote ya mwendo wa chini inafanyika humo. Ukiwa unatembea polepole usiachie klachi yote na usiivute yote. Mkono wa kulia utie mafuta kidogo tu, mlio wa injini ukae juu kidogo ya ule wa injini inayonguruma bila kutiwa mafuta, halafu mkono huo utulie. Wengi hukosea hapa: wanaongeza na kupunguza mafuta, pikipiki inarukaruka, wanaogopa, wanatoa mguu. Acha mafuta yakae sawa, mwendo uongezwe na kupunguzwa na klachi.

Kisha ongeza mguu wa kulia. Kanyaga breki ya nyuma kwa wepesi huku injini inavuta. Utadhani vitu hivi viwili vinapingana, na ndivyo inavyotakiwa. Injini ikivuta na breki ikishika, mnyororo unakaza, ule ulegevu wa kwenye gia na mnyororo unaisha, na pikipiki inatulia chini yako kama ng'ombe aliyezoea kukamuliwa. Siku utakayohisi utulivu huo kwa mara ya kwanza utanielewa kwa nini nakuandikia karatasi zote hizi. Usihofu sana kuhusu kuichosha klachi: pikipiki nyingi klachi yake inazunguka ndani ya oili, inavumilia. Ila angalia kitabu cha yako, kwa sababu zipo zenye klachi kavu ambazo hupata moto upesi. Na injini yoyote inayopozwa na upepo haipati upepo ukiwa unatambaa, kwa hiyo kila baada ya muda iendeshe kawaida kidogo au izime ipumzike. Nawe unywe maji.

Breki ya mbele isahau. Naisema kwa uzito kabisa. Usukani ukiwa umekatwa na ukaigusa breki ya mbele, shoki za mbele zinazama, pikipiki inasimama ghafla huku imelalia upande wa ndani, na hakuna mguu utakaoizuia. Toa vidole vyote kwenye wenzo ule, vishike mpini wa mafuta, visipate kishawishi. Ukinyoosha usukani ndipo uirudie.

Macho ndiyo yatakayokusumbua kuliko mikono. Tairi la mbele lina namna ya kukuita ulitazame, na ukilitazama unakwenda chini. Ukigeuza kulia, kidevu kipite juu ya bega la kulia, tazama pale unapotaka kutokea, nyuma yako kabisa. Mwanzoni shingo itagoma. Weka kitu cha kutazama, nguzo au mti ulio mbali, na usiuachie mpaka pikipiki imeelekea huko.

Na mwili ufanye kinyume cha ulichozoea kwenye kona za barabarani. Huko unalala pamoja na pikipiki. Hapa iache pikipiki ilale yenyewe chini yako, wewe ubaki wima, uhamie kidogo upande wa nje wa kiti na ukanyage kikanyagio cha nje. Mabega yalegee. Usukani ukifika mwisho, mkono wa nje utanyooka sana. Kama haufiki, sogea mbele karibu na tangi.

Kupima, tumia mistari ya maegesho iliyokwisha chorwa. Mahali pengi nafasi ya gari moja ina upana wa kama mita 2.5. Anza kugeuza ndani ya nafasi nne, ukizoea zibane ziwe tatu. Nafasi tatu ni mita saba na nusu, upana wa barabara ndogo ya njia mbili, na hapo ndipo unaposhuka na kuisukuma siku hizi. Ukihisi inaangukia ndani katikati ya kona, usikate mafuta. Achia klachi unywele mmoja, itavuta na kujiinua yenyewe. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote niliyokuandikia, kwa sababu mwili ukiogopa unataka kusimama, na kusimama ndiko kunakoangusha. Lifanye kwenye duara kubwa kwanza: inamishe kidogo, achia klachi, ione inavyonyanyuka. Ukishaiona mara kadhaa utaanza kuiamini.

Mazoezi mengine utayabuni mwenyewe. Panga chupa za plastiki zenye mchanga kidogo uzipite kwa kupindapinda, zungusha umbo la nane, simama kabisa kisha ondoka usukani ukiwa tayari umekatwa. Hili la mwisho lina faida sana kwenye foleni na kwenye mageti. Fanya pande zote mbili, na upande unaokukataa upe muda zaidi. Kwa watu wengi huwa ni kulia, kwa sababu mkono wa mafuta unabanwa karibu na mwili na mguu wa breki uko upande huohuo wa ndani, hautaki kubaki juu ya kikanyagio.

Kabla ya yote, upite uwanja mzima kwa miguu. Tafuta matone ya oili, kokoto, mchanga, mifuniko ya chuma ya mitaro. Mistari ya rangi ikilowa inateleza vibaya, kwa hiyo baada ya mvua usikate kona juu yake. Chagua sehemu tambarare. Mteremko ambao huuoni kwa macho pikipiki itauona. Pima upepo wa matairi, maana tairi la mbele likipungua upepo usukani unakuwa mzito na utadhani kosa ni lako. Helmeti, glavu, buti zinazofunika kifundo cha mguu, hata kama hutatoka gia ya kwanza. Anayeanguka akiwa polepole huangukia mguu wake mwenyewe.

Ikianguka, iachie iende. Usijaribu kuizuia kwa mguu, pikipiki ya uzito huo itakuvunja goti. Zima injini, weka gia ili isitembee. Ikilalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla hujainyanyua, isije ikapinduka upande wa pili. Kata usukani mpaka mwisho, igeuzie mgongo, chuchumaa matako yakiwa kwenye kiti, mkono mmoja ushike mpini, mwingine ushike chuma imara cha fremu, halafu sukuma kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Mgongo ubaki umenyooka. Ikilalia kushoto, stendi huwezi kuitoa kabla, basi ikikaribia kusimama punguza nguvu.

Usikae zaidi ya saa moja kwa siku. Mkono wa klachi ukichoka unaanza kufunga na kufungua kwa pupa, na mazoezi yanageuka kuwa mabaya. Ni afadhali kidogo kidogo, mara kwa mara.

Ukishakwenda, niandikie nafasi ngapi zinakutosha kugeuza kushoto na ngapi kulia. Na kama klachi yako inakamata mwishoni kabisa mwa wenzo niambie pia, huenda waya unahitaji kurekebishwa tu, na hilo nitakueleza namna ya kulifanya mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa siku zote