Mashamba ya soya yasiachwe wazi kiangazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwaeleze jambo wakulima wenzangu wa Nachingwea. Tumezoea kusema kuwa soya hurutubisha ardhi, na ni kweli kwamba bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huondoka na punje tunazouza, na mabaki machache yanayosalia huoza upesi, hata udongo wetu ukakaa wazi juani tangu Juni hadi mvua za Novemba au Desemba.

Msimu uliopita nilipanda fiwi, mmea utambaao na kufunika ardhi, katikati ya mistari ya soya, majani yalipoanza kugeuka manjano na unyevu ungalipo. Septemba nilipofunua matandazo yake kwa mkono nilikuta udongo laini wenye ubaridi, ilhali hatua tano pembeni, palipokuwa wazi, jembe liligonga kama sakafuni. Hapo sasa nitapanda mahindi, kwani soya na fiwi zote ni jamii ya kunde na huweza kuambukizana magonjwa.

Kinachoniumiza ni moto wa wawindaji wa panya, ambao kwa jioni moja huteketeza kazi ya miezi. Naziomba serikali za vijiji zisimamie sheria ndogo za moto, na maofisa ugani watuletee mbegu za fiwi kabla ya Machi.

Mkulima wa soya,
Nachingwea, Lindi.