Alizeti, nyuki na kidato cha tatu

Mwalimu mwenzangu,

Salaam nyingi, na poleni na kazi. Umeuliza uwafundishe vipi vijana wa kidato cha tatu habari za kupungua kwa nyuki bila kuishia kwenye mabango ya ukutani. Ningekusihi usianze na kupungua. Wakianzia huko watanakili habari za Marekani, ambako tangu mwaka 2006 wafugaji walianza kukuta mizinga imekimbiwa na nyuki vibarua huku malkia na watoto wamebaki ndani. Ni kweli ilitokea, ila haikuambii lolote kuhusu nyuki wa Singida. Wape swali wanaloweza kulipima kwa mikono yao: alizeti inapoteza nini nyuki wasipoifikia?

Shamba la mita 10 kwa 10 linatosha. Pandeni Januari mvua zikiwa zimeshika, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kisha mpunguze ubaki mche mmoja kila shimo. Tafuta mbegu ya alizeti ya aina iitwayo Record badala ya chotara. Chotara nyingi hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, na tofauti mnayoitafuta itakuwa ndogo mno kuonekana.

Vichwa vikiwa bado vimefumba, chagueni 36 kutoka mistari ya ndani, maana mimea ya pembeni hupata jua na nafasi zaidi. Vigaweni kwa kura, si kwa macho; kijana akiachiwa achague, atawapa nyuki vichwa vinono. Kumi na mbili viachwe wazi. Kumi na mbili vivikwe mfuko wa kitambaa cha neti mpaka maua yanyauke. Kumi na mbili vya mwisho vivikwe vilevile, lakini kila asubuhi mfuko ufunguliwe kidogo, kijana apake chavua ya mimea mingine kwa pamba, aufunge tena. Walimu wengi huliacha kundi hili la tatu kwa kuwa lina kazi, nalo ndilo linalobeba ushahidi. Bila hilo, mkulima yeyote atawaambia kwamba mbegu zimekosekana kwa sababu ya kivuli cha kitambaa, nanyi hamtakuwa na jibu.

Chandarua cha mbu msikitumie, hata kilichochakaa. Vingi vimetiwa dawa, na dawa hiyo inaua nyuki wanaotua juu yake. Chukueni neti ya pazia, mshone mifuko ya sentimita 50 kwa 50 ili kitambaa kisiguse uso wa ua. Kikigusa, nyuki ataingiza ulimi kupitia matundu.

Wakati maua yamefunguka, vijana wawiliwawili wahesabu wageni wa vichwa vilivyo wazi, dakika 5 kila kichwa, saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, wakiandika pia hali ya mawingu na upepo. Kosa la kawaida ni kuwahesabu nzi wenye mistari ya njano kama nyuki. Wafundishe kutazama mabawa: nzi ana mawili, nyuki ana manne, na vipapasio vya nyuki ni virefu zaidi. Wasisimame mahali kivuli chao kitakapoangukia ua. Wazazi waulizwe mapema kama kuna mtoto ambaye mwili wake huvimba vibaya akiumwa na nyuki; huyo akae na daftari na mizani.

Petali zikishanyauka, vikeni vichwa vyote 36. Msipofanya hivyo, ndege watakula vile vilivyokuwa wazi, na matokeo yenu yatageuka juu chini.

Kuvuna ni pale mgongo wa kichwa unapogeuka njano hadi kahawia. Msihesabu kichwa kizima; kateni kipande cha moja ya nane, kutoka katikati hadi ukingoni. Kipande cha ukingoni peke yake kitawadanganya, kwa kuwa katikati mara nyingi hubaki mapepe (mbegu tupu) hata nyuki wakiwa wengi. Mbegu zibonyezwe kwa vidole moja moja, kutenga zilizojaa na mapepe. Njia ya kuzitia kwenye maji haifai, mbegu nzima za alizeti nazo huelea.

Sasa ndipo mzungumze juu ya kupungua, na hapa uwe mkali. Hesabu ya msimu mmoja haionyeshi kupungua, hata kama nyuki walikuwa wachache. Labda mvua ilichelewa, labda mti mwingine ulichanua karibu ukawavuta. Daftari liwe la shule, lenye saa zilezile na shamba lilelile, kidato kijacho kiliendeleze.

Ya sababu, wapelekeni kwa wakulima na warina asali wa karibu. Waulize miti gani ya maua imekatwa kwa mkaa, asali inarinwa kwa moto au kwa moshi, dawa gani inapigwa na saa ngapi. Swali la saa lina uzito: dawa ikipigwa asubuhi alizeti imechanua, inawakuta nyuki kazini, jioni wamesharudi mzingani. Wasome pia kiambata kwenye lebo. Wakikuta imidakloprid, dawa ya kuua wadudu, wajue kwamba Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki.

Mzinga shuleni usiharakishe. Nyuki wetu ni wakali, na mradi huu haudai mzinga.

Mpe fundi cherehani kazi ya mifuko Desemba, kabla shule hazijafunguliwa. Niandikie mkishapata mbegu.

Wako katika kazi,
Mwalimu mwenzako